Kabla ya Kupima Mkojo wa Mahabusu, Muulizeni Anakunywa Dawa Gani



Asubuhi moja mwaka jana nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye baraza ya zahanati yetu. Mlango ulikuwa bado haujafunguliwa. Alikuwa ametoka nyumbani usiku kwa miguu, na kanga yake ilikuwa imelowa umande. Nilidhani anaumwa. Kumbe hakuwa mgonjwa. Mkononi alishika daftari la matibabu la mwanawe, amelifunga katika kitambaa.

"Shikamoo mama," nilimsalimu.

"Marahaba mwanangu. Kijana wangu yuko rumande, leo siku ya nne. Wamempima mkojo. Wanasema ameonekana na dawa. Mganga, mimi dawa ninayoijua ni hii mnayotupa hapa."

Nilifungua daftari. Kijana yule ana kifafa tangu utotoni. Kila jioni humeza kidonge cha fenobabito. Jina lake limo, tarehe zimo, idadi ya vidonge imo. Kurasa za mwanzo ziliandikwa na mganga aliyenitangulia, kurasa za mwisho nimeandika mimi. Alikamatwa pamoja na vijana wengine mahali palipodaiwa kuvutwa bangi. Mjomba wake alikwenda kumwona, akanakili majibu ya kipimo kwenye kipande cha karatasi. Nilisoma karatasi ile mara mbili. Penye bangi paliandikwa: hakuna. Palipoandikwa "ipo" ni kwenye safu nyingine, safu ya dawa za kundi la babiturati.

Fenobabito ni babiturati. Kipimo hakikusema uongo. Kilisema kwamba kijana huyu amemeza dawa yake ya kifafa kama alivyoagizwa na zahanati.

Sitaji ni kituo gani, wala sitaki kumlaumu askari aliyeshika kijiti. Nataka kuzungumza juu ya swali ambalo halikuulizwa. Swali lenyewe ni fupi: "Ndugu, unakunywa dawa gani?" Kama lingeulizwa siku ya kwanza, majibu yale yangeeleweka. Tena kijana angepewa vidonge vyake. Mgonjwa wa kifafa akikatishwa fenobabito ghafla anaweza kuanguka kifafa mfululizo, kimoja kinafuata kingine bila fahamu kurudi. Hiyo ni hatari ya kifo. Hilo ndilo lililonitetemesha mimi kuliko habari za mahakama. Siku nne!

Maoni yangu ni haya. Mtu yeyote aliye gerezani au rumande asipimwe mkojo kabla ya kuulizwa dawa anazotumia na majibu yake kuandikwa. Na majibu ya kijiti peke yake yasitumike kumwadhibu mtu.

KIJITI KINASOMWAJE

Huenda hujawahi kukiona kijiti hiki, nami nitakieleza kwa kukilinganisha na kipimo unachokijua. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole kina herufi mbili, C na T. Mstari wa C unaonyesha kwamba kipimo ni kizima. Mstari wa T ukitokea pia, una malaria. Basi sisi sote, waganga na wagonjwa, tumezoea: mistari miwili ni ugonjwa.

Kijiti cha kupimia dawa za kulevya katika mkojo nacho mara nyingi huwa na C na T. Lakini husomwa kinyume. Mistari miwili maana yake dawa haikuonekana. Mstari mmoja tu, ule wa C, maana yake dawa huenda ipo. Mstari wa C usipotokea kabisa, kijiti kimeharibika, kitupwe, uchukuliwe kingine. Na mstari wa T hata ukiwa hafifu kama uzi, huhesabiwa kuwa mstari.

Kwa nini iwe kinyume? Rangi iliyo ndani ya kijiti ina kitu kama mikono. Kazi ya mikono hiyo ni kushika dawa. Pale kwenye T watengenezaji wamebandika dawa kidogo. Kama mkojo hauna dawa, rangi inafika kwenye T mikono mitupu, inashika, na mstari unaonekana. Kama mkojo una dawa, mikono inajaa njiani. Ikifika kwenye T inapita tu, na mstari hautokei.

Siku ya kwanza nilipoonyeshwa kijiti hicho nilikuwa chuoni, na nilikisoma kinyume. Nilisema kwa sauti kubwa, "Mistari miwili, anatumia." Mwalimu alinitazama akauliza, "Kijana, umemfunga mtu huyu miaka mingapi?" Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, na sijasahau. Mtu anayepima malaria asubuhi nzima, kisha jioni akaletewa kijiti cha mkojo, anaweza kukosea kama nilivyokosea. Ndiyo maana nataka aliyepima asiwe peke yake. Awepo wa pili wa kusoma, na wote wawili watie sahihi.

Jambo jingine. Kijiti hakisemi "ipo" kwa kila chembe. Kimewekewa kipimo cha chini. Kwa bangi, vijiti vingi huanza kusema "ipo" mkojo ukiwa na nanogramu 50 katika kila mililita. Hesabu hiyo ni ndogo sana. Chukua robo ya kijiko cha chai cha sukari, uikoroge katika mapipa 100 ya lita 200 kila moja. Utamu utakaobaki humo ndio ukubwa wa kitu kinachotafutwa. Kwa hiyo ni kazi ya uangalifu. Kikopo kichafu au mkono mchafu hauna nafasi hapo.

DAWA ZA HOSPITALI NAZO HUONEKANA

Fenobabito si peke yake. Dawa za kikohozi au za maumivu zenye kodeini huonekana katika safu ya afyuni, kundi la heroini na mofini, kwa sababu mwili hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini. Diazepamu, ambayo wengi huiita valiamu, ina safu yake. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu ile inayogeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa, imewahi kudhaniwa na baadhi ya vipimo kuwa ni afyuni. Efavirenzi, dawa ya UKIMWI iliyotumika sana miaka iliyopita, imewahi kudhaniwa na baadhi ya vijiti kuwa ni bangi.

Sasa fikiri. Kifua kikuu hupenda mahali penye watu wengi waliobanana, na gereza ni mahali pa namna hiyo. Mfungwa anayemeza dawa zake za kifua kikuu kila siku ni mtu anayefanya jambo jema kwa wenzake wote wa chumba kile. Akiadhibiwa kwa sababu ya dawa hizo, mwenzake atazikataa. Ugonjwa utaenea, na askari nao watapeleka kikohozi nyumbani kwao.

Pombe yetu ya ndizi, rubisi, haiingii katika habari hii. Vijiti ninavyovieleza havitafuti pombe. Wala mirungi vijiti vingi havina safu yake. Mtu asidanganywe na karatasi yenye safu nyingi akafikiri imepima kila kitu.

Wako watakaosema kwamba mganga huyu anatetea wavuta bangi. Sivyo. Nimewaona vijana walioharibika akili, na nimewaona mama zao. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ipo, na gereza lisilo na dawa za kulevya ni salama zaidi kwa mfungwa na kwa askari. Ninachosema ni kwamba anayevuta aonekane kwa haki, na asiyevuta asichukuliwe mahali pake.

MAJIBU YA KWANZA SI YA MWISHO

Watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa sana jambo hili. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa katika mkoa huu. Tangu hapo tumejifunza kupima kwa njia ngumu. Leo ukija kupima virusi vya UKIMWI hukai tu na kutobolewa kidole. Unazungumza kwanza na mtoa huduma. Kipimo cha kwanza kikionyesha virusi, linafuata jaribio la pili kwa kipimo cha aina nyingine. Hakuna anayetangaza jina lako nje. Na Machi 2023, ugonjwa mgeni ulipoua watu Maruku na Kanyangereko huko Bukoba Vijijini, Serikali ilisubiri maabara kabla ya kutamka kwamba ni Marburg. Tulikuwa na hofu, lakini tulisubiri.

Basi kwa nini mkojo wa mahabusu usisubiriwe?

Kipimo cha pili cha dawa za kulevya hufanywa kwa mashine inayotenganisha vitu vilivyomo kwenye mkojo kimoja kimoja na kuvitambua. Mashine hiyo haichanganyi rifampisini na afyuni. Kazi hii ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Maabara hiyo ina historia tangu mwaka 1895, sheria yake ya sasa ni ya mwaka 2016, na ina ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Wengi wetu tulisikia redioni habari za mwaka 2017, msanii Wema Sepetu alipokamatwa Dar es Salaam. Mkojo wake ulipelekwa kwa Mkemia Mkuu, na mtaalamu wa maabara alikwenda mahakamani Kisutu kutoa ushahidi na kuulizwa maswali na mawakili. Mwaka 2018 mahakama ilimtia hatiani katika kesi ile ya bangi, akatozwa faini ya shilingi milioni 2. Mimi sina la kusema juu ya hukumu. Ninachotazama ni njia iliyofuatwa. Yule alikuwa na wakili wa kumuuliza mkemia. Mvuvi wa Muleba aliyekamatwa mwaloni, au mkulima wa kahawa wa Kamachumu, atauliza nini na nani atamsaidia? Kwake yeye ulinzi pekee ni utaratibu kufuatwa tangu kwenye kikopo.

Kutoka huku kwetu chupa lazima isafiri kwenda maabara, ama ivuke Ziwa ama ipande basi. Ikitoka na jina la mtu mwingine, itafika Mwanza salama na kumsemea mtu asiyehusika. Maabara haiwezi kujua.

Hapa ndipo kisomo chako kinapoingia, ndugu msomaji. Ukiambiwa utoe mkojo, tazama kikopo kikiwa kitupu. Kiwe kipya na kisafi. Ukishatoa, mkojo umiminwe na kufungwa mbele ya macho yako, na chupa izibwe kwa lakiri. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Jina ni lako? Tarehe ni ya leo? Saa imeandikwa? Kisha soma fomu. Kama kuna mahali pa kuandika dawa unazotumia, zitaje zote, hata ya kikohozi uliyonunua dukani. Kama mahali hapo hapapo, omba ziandikwe pembeni. Ndipo utie sahihi. Usiyejua kusoma, omba usomewe polepole kabla ya kuweka dole gumba. Haya si matusi kwa askari. Askari mwema hupenda karatasi iliyo sawa, maana nayo inamlinda yeye.

Afadhali zaidi mkojo ugawanywe katika chupa mbili. Ya kwanza ipimwe, ya pili ihifadhiwe kwenye baridi ikiwa imefungwa. Mtu akibisha majibu, chupa ya pili ipo. Huko Uingereza walianza kuwapima wafungwa mkojo kwa lazima miaka ya 1990, na kufika mwaka 1996 magereza yote yalikuwa yakifanya hivyo. Huko mfungwa huulizwa kuhusu dawa za matibabu, mkojo hutiwa katika chupa mbili na kuzibwa mbele yake, na akikana majibu hupimwa tena kwa njia ya uhakika. Lakini hata wao walipata funzo. Wako walioonya kwamba baadhi ya wafungwa wangeacha bangi na kuingia kwenye heroini, kwa kuwa bangi hukaa mwilini muda mrefu na heroini hutoka upesi. Kupima ovyo kunaweza kumsukuma mtu kutoka kwenye kibaya hadi kwenye kibaya zaidi.

Habari hiyo ya siku ni kubwa, tusiipite haraka. Heroini huonekana kwenye mkojo kwa siku 2 au 3. Aliyevuta bangi mara moja huonekana kwa siku 3 hivi. Lakini mvutaji wa kila siku anaweza kuonekana mwezi mzima baada ya kuacha, pengine na zaidi. Maana yake nini? Mtu ameingia gerezani tarehe mosi akiwa mvutaji wa kila siku. Ameacha siku ile ile, maana hana pa kuipata. Tarehe 15 anapimwa, anaonekana na bangi. Anaambiwa amevuta ndani ya gereza, anapata adhabu. Hajavuta! Kama wanataka kujua nani anavuta ndani, basi wampime siku anapoingia na kuandika, ili majibu ya baadaye yawe na kitu cha kulinganishwa nacho. Kijiti hakijui mtu alivutia wapi, wala alivuta siku gani.

Kuna jambo la aibu pia, lakini lazima lisemwe. Ili mtu asibadilishe mkojo, wakati mwingine husimamiwa akikojoa. Mwanamke asimamiwe na mwanamke tu. Wapo watu ambao wakitazamwa mkojo hautoki kabisa, hata wakijaribu. Huko si kukataa. Apewe maji kiasi na muda. Akinywa maji mengi mno mkojo nao unakuwa kama maji ya mvua na haupimiki, kwa hiyo nasema kiasi.

Na sisi waganga je? Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni za kuwatunza wafungwa, zikaitwa Kanuni za Mandela, kwa jina la yule mzee wa Afrika Kusini aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni hizo zinasema kila anayeingia gerezani aonwe na mtaalamu wa afya mapema iwezekanavyo. Zinasema pia kwamba mtumishi wa afya asishiriki katika kutoa adhabu. Nakubaliana nazo kabisa. Mganga wa gereza akiwa ndiye anayewatibu wafungwa na tena ndiye anayewakamata kwa mkojo wao, nani atamwambia ukweli? Mtu mwenye virusi vya UKIMWI atamtajia dawa zake mbele ya nani? Mganga aulize habari za dawa faraghani, aandike, atunze siri. Kuchukua mkojo kwa ajili ya mashtaka kufanywe na mwingine aliyefundishwa kazi hiyo.

Nitajibiwa kwamba fedha hazipo. Kwa mashine, kweli, ni ghali. Lakini kuuliza swali kunagharimu wino tu. Kusubiri majibu ya Mkemia Mkuu kabla ya kuadhibu kunagharimu subira.

Na yule atakayeonekana kweli anatumia? Apelekwe kwenye tiba pia. Kwa watumiaji wa heroini nchi yetu ilianza kutoa dawa ya methadoni Muhimbili mwaka 2011, na siku hizi huduma hiyo imefika hata hospitali ya Sekou Toure, Mwanza. Kwa bangi methadoni haisaidii. Huko kinachohitajika ni ushauri, kazi, na watu wa kukaa nao.

Nirudi kwa yule mama. Niliandika barua fupi: jina la kijana, ugonjwa wake, jina la dawa, kiasi, na maneno kwamba dawa hii ni ya kundi la babiturati na huonekana kwenye kipimo. Nikaandika kwa herufi kubwa: ASIKATISHWE. Nikagonga muhuri wa zahanati. Nilimpa na vidonge vya wiki mbili. Alipanda pikipiki kwa nauli tuliyochangiwa na mwenye duka jirani. Jioni alinipigia simu kwa namba ya mtu. Askari wa zamu alikuwa ameisoma barua, akaita mganga wao, na kijana alimeza kidonge usiku ule ule. Shtaka la kukutwa mahali pale palipovutwa bangi liliendelea, lakini lile la dawa lilifutwa kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo naandika dawa ya kila mgonjwa wa kudumu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, kwa herufi kubwa, pamoja na kundi la dawa hiyo. Kama unatumia dawa za kifafa, kifua kikuu, maumivu au usingizi, njoo na daftari lako zahanati siku ya kliniki. Na nyumbani mwonyeshe mtu mmoja mahali unapoliweka.